Mtori wa Moshi: Weka Mbali Blenda!

Wadau, karibuni tena. Mmeniandikia mno: nikifika Moshi nile wapi? Leo nawajibu kwa bakuli moja, mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Nyama choma mnaijua, sina la kuongeza. Machalari na kiburu, vyakula vingine vya ndizi vya Kichagga, vina video yao Alhamisi, kwa hiyo kama hujajiunga na chaneli, jiunge sasa hivi, usisubiri mwisho.

Niko jirani na Soko la Mbuyuni, kwa mama lishe. Sogeza kamera. Sogeza zaidi! Nachota kijiko, nakiinamisha... mnaona unavyoshuka? Haumiminiki kama uji, wala haung'ang'anii kijiko. Unadondoka kwa mabonge madogo madogo. Sasa naupekua kwa ncha ya kijiko. Nyuzi hizi ni nyama ya ng'ombe, imechemka pamoja na mfupa wake mpaka ikaachia yenyewe. Na hiki kipande cheupe hapa, msikipite jamani, ni ndizi iliyokataa kupondeka. Hiki ndicho kinachonileta mimi Mbuyuni asubuhi! Maana yake kuna mtu kasimama juu ya sufuria na mwiko, kaponda ndizi zikiwa bado za moto, kisha akawa anarudisha supu kidogo kidogo, anaangalia uzito. Ukitafuna, kuna kitu cha kutafuna. Hebu nirudie, inamisha kamera... umeona?

Sasa bakuli la pili, nimelibeba kutoka mgahawa mmoja hapa mjini. Jina silitaji. Tazama unavyovutika! Huu umepitishwa kwenye blenda. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, na visu vya blenda vikiusaga kwa kasi wanga ule unatoka wote na kugeuka gundi. Nyama nayo imesagwa humo humo, hata huijui ilipo. Mtori ni chakula cha mzazi, Uchaggani mama akijifungua ndicho anachopikiwa apate nguvu na maziwa. Mzazi umpe gundi hii? Inaniudhi kweli. Na bei sasa: hili la Mbuyuni nimelipa 2,000, lile la blenda 6,000, eti kuna kitambaa mezani.

Ndizi yenyewe ni mshare. Inashuka kutoka vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga mlimani, Marangu, Machame, Kibosho huko. Na ukiona mshare imepanda bei usimlaumu muuzaji moja kwa moja, kwa sababu mgomba huu unashikwa na mnyauko, ugonjwa wa kuvu inayokaa udongoni miaka na miaka. Shamba likishaingiwa, kupanda mshare pale pale tena ni kujitafutia hasara. Ndiyo maana wapo wapishi wanaochanganya ndizi nyingine, na wapo wanaoufanya mtori uwe mzito kwa unga. Ndizi nyingine navumilia. Unga hapana.

Watu wa Arusha nawaona kwenye maoni, mnasema kwenu kuna loshoro, mahindi na maziwa mgando. Nakubali, linashibisha. Na kuku wa kuchoma wa pale Khan's, gereji mchana, jiko usiku, nao nawapa heshima yao. Ila asubuhi ya baridi, mlima ukiwa umejifunika mawingu, hamna cha kushindana na hili bakuli. Kuna chaneli moja juzi imewapeleka wageni wa Moshi kula baga. Baga ipo kila mji, ndugu zangu!

Kuhusu pilipili, mimi mtori naunywa mtupu, ladha ya mfupa isifunikwe. Lakini mama hapa ananisukumia ndimu, ngoja nijaribu tone moja... Mmh! Mama, shikamoo. Mafuta yamekatika, supu imechangamka. Basi ndimu iingie, pilipili ibaki pembeni kwa anayeitaka. Na chapati agiza moja kwanza, mtori unajaza tumbo haraka.

Utajuaje pa kukaa? Usitafute bango. Ukiwa unatoka stendi, chungulia sufuria kabla hujavuta kiti, uliza, "Mama, umeponda au umesaga?" Akikuonyesha mwiko, kaa. Na uwahi. Saa nne ikipita unakuta sufuria linasuguliwa, mama ameshaanza kuinjika wali na maharage ya mchana.