Gundam wa Entry Grade: Sentimita 12 na Nusu za Roboti wa Mita 18

Habari zenu, ndugu watazamaji, karibuni mezani kwangu. Leo nimewasimamisha pacha wawili: modeli za plastiki za RX-78-2 Gundam, yule roboti wa katuni za Kijapani, kutoka kampuni ya Bandai, daraja la Entry Grade, yaani la wanaoanza, kipimo cha 1/144. Wa kushoto nimemuunganisha nikamwacha hivyo hivyo. Wa kulia nimemshughulikia jioni mbili. Watazameni vizuri kwanza.

Katika hadithi yake, Gundam ana urefu wa mita 18. Gawa kwa 144, unapata sentimita 12 na nusu, anakaa kiganjani. Modeli ya kwanza kabisa ya Gundam, ile ya Julai 1980, nayo ilikuwa 1/144, na bei yake yeni 300. Ile ilitaka gundi na rangi. Huyu wa mwaka 2020 hataki gundi, hataki rangi, hata koleo hataki. Kipande unakinyofoa kwa vidole kwenye fremu ya plastiki kilikoshikizwa, unakibana na mwenzake, kinalia ta!, umemaliza. Na haya macho ya njano msidhani ni stika. Stika hakuna hata moja. Kila rangi mnayoiona ni ya plastiki yenyewe. Kwa modeli ya bei ndogo namna hii, mimi navua kofia.

Sasa mrudieni wa kushoto. Kaunganishwa sawasawa, lakini anang'aa kama kijiko cha plastiki, na jicho linajua mara moja kwamba ni kitu kidogo. Kazi yangu yote kwa wa kulia ilikuwa kuliondolea jicho wazo hilo.

Nilianza na msasa. Uliponyofoa kipande hubaki kichuguu kidogo, na kwenye plastiki ya bluu huacha alama nyeupe. Namba 400 taratibu, kisha 800, kisha 1000. Usikimbilie.

Halafu mistari, na hapa ndipo penye utamu. Mnaona hii mifereji myembamba kifuani na kwenye ngao? Ndiyo maungio ya mabamba yake ya chuma. Ukiijaza wino, kila bamba linajitenga na jirani yake, na mwili unapata uzito. Ila kwenye nyeupe tumieni kijivu, nawaomba. Nyeusi inapiga kelele, roboti anakuwa mchoro wa kitabu cha watoto. Kwenye nyekundu, kahawia inakaa vizuri sana. Anayeanza atumie kalamu ya ncha nyembamba, kilichomwagika afute kwa pamba ya masikio.

Kuna wino wa majimaji unaojikimbilia wenyewe ndani ya mfereji, mzuri mno kuutazama. Lakini una thina. Thina ikiingia kwenye maungio yaliyobanwa, plastiki isiyo na rangi juu yake hupasuka. Roboti wangu mmoja wa zamani alivunjika kifundo cha mguu hivyo, na niliumia kweli. Ukiutaka wino huo, paka vipande kabla ya kuviunganisha, uache vikauke kabisa.

Mwisho nikapuliza vanishi isiyong'aa. Sisi wa pwani tuwe waangalifu: hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi inanasa maji na kuganda kama ukungu mweupe. Mimi nilisubiri siku kavu, nikapuliza tabaka jembamba, nikaliacha likauke, kisha la pili.

Upungufu upo. Bunduki na ngao anazo, lakini panga za mwanga za kushika mkononi sikuzikuta, na mimi napenda sana Gundam akiwa na upanga. Hata hivyo, kama hujawahi kuunganisha roboti maishani, nunua huyu, na ukiweza nunua wawili kama mimi.

Ngoja nizime taa ya juu, niache hii ya pembeni, na kamera niishushe hadi usawa wa miguu yake. Haya, angalieni wa kulia. Mnakiona kivuli chini ya goti?