Kamera zako zishachoka na pesa hakuna? Anza kununua hivi

Ukenda sokoni Darajani, Unguja, ukasema tu "kamera zangu usiku hazionyeshi", muuzaji atakutolea seti mpya ya kamera nane hapo hapo. Subiri kwanza. Huku kwetu kamera zenyewe mara nyingi ni nzima, vinavyokufa ni vile vidude vilivyokaa kati ya kamera na DVR (kile kisanduku kinachorekodi video), chumvi ya bahari inakula huku na umeme wa kukatikakatika unamalizia. Kwahiyo nimepanga vitu kwa namna ambayo mimi ningetoa pesa.

La kwanza kabisa: adapta na vichwa vya BNC, vile vya chuma vinavyounga waya wa picha na kamera au DVR. Jamani hapa ndo penye mambo yote. Kamera ikiwa safi mchana halafu usiku inazimika au inaleta mistari, shuku umeme kabla hujashuku kamera, maana giza likiingia zile taa zake za infraredi zinawaka na inavuta umeme mwingi zaidi, adapta iliyochoka haiwezi tena. Chukua mita upime kule kule kwenye kamera, na iwe usiku, ukikuta volti 12 au karibu na hapo sawa, ukikuta 10 na kitu basi ama adapta imekwisha ama waya ni mwembamba kwa huo urefu. Kamera nne za nusu ampea kila moja ni ampea 2, we nunua adapta ya ampea 5 ipumue.

Vichwa navyo usiviangalie kwa nje tu. Kifungue, tazama zile nyuzi za shaba, zikiwa kijani au nyeusi kata waya kurudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa ndo ufunge kichwa kipya. Ukishakata nusu mita na bado nyeusi, maji yashatembea ndani, hicho kipande kitupe. Kisha grisi ya silikoni, teipu, na kiboksi cha plastiki juu yake. Nyumba za Nungwi au Jambiani zinazotazama bahari kazi hii ifanywe kila mwaka kabla ya masika, na hapo hapo ufute kioo cha kamera kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kitambaa laini, ile chumvi iliyoganda ndo inafanya picha ya usiku iwe nyeupe tupu.

La pili, hadi diski ya kuhifadhia video ndani ya DVR, na UPS ndogo pamoja nayo, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Chukua diski ya kamera, WD Purple au SkyHawk, zimetengenezwa kuandika usiku na mchana, ya kompyuta ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hesabu yake nyepesi: kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21 kwa siku, kamera nne kama 86, kwahiyo TB 1 inakupa siku 11 hivi. Angalia kwanza DVR yako inakubali ukubwa gani, za zamani zina kikomo. Ukiuziwa "mpya" kwa bei ya ajabu mwambie aichomeke kwenye kompyuta aifungue na CrystalDiskInfo, masaa iliyofanya kazi yanaonekana pale, ukiona maelfu irudishe. UPS iwe ya DVR na rauta tu, sio friji.

Na kama saa ya DVR inarudi nyuma kila umeme ukikatika, mara nyingi ni kile kibetri cha CR2032 ndani, pesa ndogo sana lakini video yenye tarehe ya uongo utampelekea nani polisi?

La tatu, DVR ikifa kweli, nunua XVR, yaani DVR ya kisasa. Inapokea kamera za zamani na za HD kwa waya ule ule, kwahiyo unaweka moja ya 1080p mlangoni, za nyuma unaziacha zimalizie umri wao. Nenosiri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo, mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka DVR na kamera nyingi duniani kwa sababu hiyo hiyo.

La mwisho ni kamera za wifi. Mji Mkongwe kuta ni nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mtandao haupenyi, na kila moja bado inataka umeme pale ilipo. Kwa chumba kimoja karibu na rauta sawa, ila usizing'olee waya wako mzima.