Beethoven wa Karajan au wa Gardiner?

Simfonia zote 9 za Beethoven, tungo zake ndefu za okestra, zimerekodiwa mara nyingi, ila seti ninazozirudia ni mbili. Ya Herbert von Karajan, akiongoza okestra ya Berlin Philharmonic, ilirekodiwa Berlin mwaka 1961 na 1962. Fidla zinatiririka kama mto uliofurika, sauti nene iliyoshikana, huoni mwanya. Mwimbaji Gundula Janowitz anapopaa juu ya kwaya katika Simfonia Namba 9, mwili unasisimka.

Kiongozi wa okestra John Eliot Gardiner, ambaye seti yake ilitoka 1994, ameshika njia nyingine kabisa. Ala ni za enzi ya Beethoven: nyuzi za utumbo, tarumbeta zisizo na vali, ngoma kavu zinazokushtua. Mwendo anaufuata ule alioupima Beethoven mwenyewe kwa metronomu, kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, kwa hiyo Namba 5 inakwenda mbio. Katika Namba 3 anairudia sehemu ya mwanzo kama nota zinavyodai, Karajan anayaruka marudio hayo. Namba 6 ya Karajan, ile inayochora maisha ya shambani, nayo ina haraka nisiyoielewa. Matembezi gani hayo ya shambani?

Anayeanza ningempa Karajan. Mimi namchukua Gardiner, isipokuwa Namba 9.