Siku moja Ssese: matembezi murua, gesti ya hivi hivi

Mimi mzaliwa wa Pangani, pwani ya Tanzania, nafundisha Kiswahili Kampala, na mtu akinialika "bichi" hapa Uganda huwa nacheka kimoyomoyo. Safari hii walimu wenzangu walinishinda. Tukaenda Kalangala, kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria.

Feri inaondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, mwendo wa saa tatu na nusu hivi hadi Lutoboka, bandari ya Bugala. Ya kurudi ni saa mbili asubuhi. Piga hesabu mwenyewe: ukitaka siku kamili ya kutembea, lala usiku mbili.

Gesti yetu siitaji jina. Shuka zilikuwa safi, hilo nawapa. Lakini wali tulioagiza saa moja jioni ulifika saa nne, na ule "moto wa ufukweni" tuliokwisha kuulipia yalikuwa magogo mabichi matatu na moshi wa kututoa machozi. Nyota mbili, basi.

Matembezi ndiyo yaliyonifanya niandike. Tulilipa shilingi 30,000 kila mmoja, tukapewa kijana wa kutuongoza. Alichelewa nusu saa, akaja na ndala, na kwa ndala zilezile akatuacha nyuma kwenye mlima wote wa kutoka Lutoboka hadi mjini Kalangala. Msitu uliobaki pale ni wa kivuli kizito. Tumbili wanakukodolea macho na hondohondo wanapita juu kwa kelele za mbawa. Nasema uliobaki kwa sababu ukifika juu unaona michikichi imepangwa safu kwa safu hadi macho yachoke. Mafuta ya kupikia tunayataka, sawa, ila miguu inajua tofauti: msituni ubaridi, kwenye michikichi jua la utosi.

Tukateremka Mwena, kijiji cha wavuvi. Hapo nikakosea. Nikawasalimia akina mama kwa Kiswahili, "Habari za kazi?", na wote wakanyamaza. Mmoja akaanza kukunja wavu. Kijana akaniambia pembeni, "Mwalimu, huku Kiswahili ni cha wanajeshi. Wanadhani umekuja na doria ya uvuvi." Miaka yote hii nawaambia wanafunzi wangu kwamba Kiswahili ni lugha ya udugu! Nikajikongoja na Kiganda changu cha sokoni, "Mulimutya, bannyabo?", yaani hamjambo akina mama, wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno.

Baada ya hapo nilikaa karibu saa nzima na mama mmoja anayeanika mukene, dagaa wetu wale. Alikuwa na mafungu mawili. Moja juu ya wavu, akiwageuza polepole kwa ufagio. Jingine limemwagwa mchangani tu. Nikaokota mmoja wa mchangani nikamtafuna, meno yakalia kokoto. "Huyo wa kuku, nnyabo," akasema. Wa wavuni ndio wa kuliwa na watu, na bei yake iko juu. Sasa najua kwa nini wale wa bei poa sokoni huwa tunawaosha maji matano.

Jioni tulipumzika ufukweni Lutoboka. Nikavua viatu, kisha bila kufikiri nikavisogeza juu, maji yasije yakavichukua. Kijana akaniuliza navikimbiza nini. Ziwa halipwi wala halijai kama bahari; miaka arobaini ya mazoea ya Pangani imeniumbua mbele ya watoto. Lakini likiamua, linaamua: mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe, na akatuonyesha visiki vya miti iliyofia majini. Kuogelea nilikataa. Kichocho kipo ziwani, na pale kwenye majani kando ya maji sikuthubutu kutia hata kidole. Nilikula sato wa kukaanga, mzima, na ndizi, nikalala kwenye mkeka jua likizama. Upepo wake hauna chumvi, nywele zangu zilifurahi.

Nenda, ila gesti chagua kwa kuuliza walioko feri, na kijana wa kukuongoza mtafute mwenyewe bandarini. Kofia na maji usisahau.

Nilirudi na kilo mbili za mukene wa wavuni, nimezifunga mifuko mitatu. Kabla hatujapita kisiwa cha pili, abiria wa kiti cha jirani alikuwa amekwisha kuhamia dirishani.