Raba ya Yasaka Mark V kwa mchezaji wa karibu na meza: uzoefu wangu hapa Mtwara

Mimi hucheza tenisi ya meza nikiwa nimesimama karibu na meza, nikizuia mashambulizi kwa upande wa mgongo wa mkono na kusubiri mpira mrefu ili niupige kwa upande wa kiganja. Natanguliza hayo kwa sababu raba (tabaka la mpira linalobandikwa kwenye uso wa raketi) iliyonifaa mimi inaweza kumkera mchezaji wa mtindo mwingine.

Mark V ni raba ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, nami nimeibandika pande zote mbili za raketi, nyekundu na nyeusi, zote zikiwa na sponji (tabaka laini lililo chini ya raba) ya milimita 1.8. Sponji nene huongeza kasi, ilhali nyembamba humpa mchezaji nafasi ya kuhisi ubao wa raketi na kuuelekeza mpira anakotaka. Ninapozuia, mpira haunirukii ovyo. Hata shambulizi kali hurudi chini na mahali nilipokusudia. Udhaifu wake huonekana ninaposukumwa nyuma, kwani hapo raba hainisaidii na nguvu yote hulazimika kutoka mwilini. Anayependa kushambulia kutoka mbali ataiona nzito, na huenda akaridhika zaidi na raba ya Tenergy ya kampuni ya Butterfly, mradi mfuko wake unaruhusu.

Niliwahi pia kutumia Hurricane 3 ya Kichina, ambayo uso wake hunata na sponji yake ni ngumu. Kwa kuanzisha mpira wenye mzunguko mkali sijaona mfano wake, lakini inadai mkono uzungushwe kikamilifu, jambo ambalo mzuiaji hana muda nalo. Isitoshe, sisi huchezea Shangani katika ukumbi ulio wazi kwa upepo wa bahari: vumbi hugandia uso huo, na msimu wa mvua unyevu huufanya uteleze mpaka mtu aupanguse kila baada ya seti. (Mark V nayo huhitaji kufutwa kwa sponji yenye maji kidogo, ila si kwa usumbufu huo.) Nilimwachia mwenzangu ambaye hushambulia kwa kuzungusha mpira, na yeye haambiwi kitu kuhusu raba nyingine.

Nitakapoagiza tena kutoka Dar es Salaam, nitachukua sponji ya milimita 2.0 kwa upande wa kiganja, na ule wa kuzuia utabaki na 1.8.