Uzoefu wangu: kutafuta misafara ya baiskeli inayomfaa anayeanza

Kwa muda sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli na makundi niliyoyapata mtandaoni. Uhakiki huu naandika kwa ajili ya mtu ambaye akiwa peke yake anaendesha vizuri tu, ila hajawahi kujikuta katikati ya kundi, magurudumu mbele, nyuma na ubavuni.

Nianze na Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi yenye vilabu ndani yake, kwa kuwa ndiko nilikopata makundi mengi. Klabu ikitangaza msafara humo inaweza kuweka siku, saa, mahali pa kukutania na ramani ya njia, na mwandaaji ana nafasi ya kuonyesha kama mwendo ni wa taratibu au wa kushindana, na kama njia ni tambarare au ya milima. Mwandaaji akijaza yote hayo, unajua unachokiendea kabla hujajaza upepo. Meetup, mtandao wa kutangaza mikutano ya watu wenye jambo wanalolipenda pamoja, haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli, lakini mimi naipendea jambo moja: ni rahisi kumwandikia mwandaaji swali, na jinsi anavyojibu inakuonyesha atakavyokupokea.

Kipimo changu kikubwa ni tangazo lenyewe. Kundi moja liliandika "karibuni wote, hata wanaoanza", basi, hakuna kingine. Mlima wa kwanza tu kundi likakatika vipande, na mimi na mama mmoja tukabaki nyuma bila kuwa na ramani wala mtu wa kutusubiri kwenye njia panda. Tulifika, lakini yule mama sikumwona tena kwenye msafara wowote, na hilo liliniuma kuliko uchovu wa miguu. Mtu aliyejipa moyo kutoka nyumbani asubuhi hastahili kuachwa njiani na watu waliomwalika.

Kwa hiyo sasa natafuta tangazo linalotaja umbali, kasi ya wastani, vituo vya kupumzika, na sentensi inayosema wazi kwamba hakuna anayeachwa. Kasi ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini. Wastani wa kilomita 20 kwa saa unasikika mdogo, lakini wastani huo unabeba pia milima, kona na mataa. Kwenye tambarare kundi hilo hilo huenda likakimbia 25 au zaidi. Endesha saa moja peke yako, uone wastani wako, kisha chagua kundi la kasi hiyo au pungufu kidogo. Nguvu inayobaki utaihitaji kwa kuwatazama wenzako.

Kundi nililotulia nalo lina kiongozi mbele na mwingine anayefunga msafara, na huyo wa nyuma hampiti mtu hata kama mtu huyo anasukuma baiskeli kwa miguu. Kabla ya kuondoka walikagua breki na upepo wa kila baiskeli, wakatufundisha ishara za mikono: shimo, kokoto, kupunguza mwendo, kusimama. Wakasisitiza tusiruhusu gurudumu la mbele lipishane na gurudumu la nyuma la aliyetangulia, kwa sababu akiyumba kidogo tu yakagusana, anayeanguka ni wa nyuma. Niliambiwa pia nisibane breki ghafla. Zilikuwa dakika chache, na sijapata mafunzo yaliyonifaa kuliko hayo. Mtu alipopata pancha, wote walisimama.

Kuna pia matukio ya wazi, yasiyo na usajili. Critical Mass, misafara ya baiskeli ya kupita mjini kwa pamoja iliyoanzia San Francisco, Marekani, mwaka 1992, hufanyika katika miji mingi Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Mwendo wake ni wa polepole, na shangwe ni kubwa. Ila kwa desturi haina kiongozi, na barabarani mnachanganyika na magari, kwa hiyo singempeleka mtu siku yake ya kwanza. Siku za barabara kufungiwa magari ndizo ninazozipenda zaidi. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wamekuwa na siku hizo, ziitwazo Ciclovía, tangu mwaka 1974, kila Jumapili na sikukuu, na miji mingi duniani imeiga. Hapo unajifunza kukaa karibu na wengine bila lori kukupumulia mgongoni. Kwa wanawake wanaotaka kuanza wakiwa na wanawake wenzao, Uingereza ina Breeze, misafara ya wanawake ya British Cycling, chama cha mchezo wa baiskeli cha huko, na vilabu kwingineko navyo huwa na misafara ya namna hiyo, kwa hiyo ulizia.

Matukio makubwa ya kuchangisha fedha mara nyingi huwa na njia zaidi ya moja. Chagua ile fupi, na pale mwanzo simama nyuma kabisa. Mita mia chache za kwanza ndizo zenye msongamano mkubwa, kila mtu akitafuta nafasi. Nenda na tyubu ya akiba, pampu na maji, hata kama mwandaaji ameahidi gari la msaada, maana gari hilo ni moja na njia ni ndefu.