Uzoefu wangu: kozi ya siku mbili ya maporomoko ya theluji, Davos

Huu ni mwaka wangu wa saba katika mji wa Chur, Uswisi, na aliyenitia kwenye skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza kwenye theluji, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye Jumapili ya baridi humkuti nyumbani. Sizungumzii skii za viwanja vyenye lifti. Hizi unapanda mlima kwa miguu yako, umebandika ngozi chini ya skii zisirudi nyuma, ukifika kileleni unazibandua na kuteremka kwenye theluji ambayo hakuna mashine iliyoishindilia. Mimi mtu wa Tanga nilipenda kuliko nilivyotarajia.

Februari iliyopita tulikuwa bonde la Dischma, nje kidogo ya Davos. Hatari ya maporomoko siku hiyo ilikuwa daraja la 3 kati ya 5. Mlimani palikuwa na alama za skii za watu zaidi ya ishirini waliotutangulia, nami nikajiambia basi, wenyewe wameshapita, njia ni salama. Tulipofika nusu, theluji chini yetu ilitoa mlio mzito, kama gunia la mchele limeangushwa chumba cha pili, na ufa ukakimbia kutoka kwenye ncha za skii zangu kama mita kumi. Haikuporomoka. Tuligeuka bila kusemezana, mmoja mmoja, tumeachana mbali. Usiku nikamwambia mke wangu sipandi tena mpaka nifundishwe.

Kozi niliyochukua ni ya siku mbili, faranga 340, na wanakuazima vifaa vitatu: kifaa cha mawimbi cha kuvaa kifuani cha kutafutia aliyefukiwa, fito ya kukunja ya kudungia theluji, na koleo la aluminiamu. Anayefundisha ni mwongoza milima mwenye leseni.

Asubuhi ya kwanza alituchimbisha shimo. Ukuta wa theluji ukikatwa wima unaonyesha tabaka zake kama keki: theluji mpya juu, chini yake ukanda mgumu uliosukwa na upepo, na chini kabisa chembe kubwa zisizoshikana. Nilizichota mkononi, zikamwagika katikati ya vidole kama sukari. Ndipo nilipoelewa ule mlio wa Februari. Bamba gumu lilikuwa limelala juu ya sukari ile, kama mkeka uliotandikwa juu ya mtama uliomwagika sakafuni. Ukikanyaga mahali pake, mkeka wote unaondoka, nawe uko juu yake.

Kupima uimara wa tabaka hizo, tukakata kipande upana sentimita 90 na kina 30, tukaweka koleo juu ya pembe moja, mwalimu akaanza kupiga kwa kiganja: mara kumi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara kumi kwa kiwiko, mara kumi kwa bega. Pigo la 12 kipande chote kiliteleza kikaangukia miguuni petu. Kumi na mbili tu. Hakuna aliyezungumza.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanikera: kama ni hivyo, wale ishirini walipitaje? Akajibu kwamba tabaka dhaifu halikai kina kimoja mlima mzima. Wa kwanza wanaweza kupita mahali bamba ni nene, uzito wao usifike chini. Wa ishirini na moja akisogea hatua chache, karibu na mwamba ambako theluji ni nyembamba, analigusa tabaka lile. Tena huenda wao walipita alfajiri kungali baridi kali, wewe unapita jua limeshapiga mteremko. Alama zao zinakuambia walipita, basi. Njia maarufu ndizo zenye alama nyingi, na ndizo zinazotulegeza macho. Mazoea yana taabu. Akaongeza kwamba wengi wa wanaofukiwa wakiwa kwenye skii, poromoko wamelianzisha wenyewe au mwenzao wa kundi moja.

Na lile daraja la 3. Ngazi ni tano, kwa hiyo tatu inasikika kama katikati, kitu cha wastani. Siyo. Hapa Uswisi nusu ya vifo au zaidi hutokea siku za daraja hilo, kwa sababu la 4 na la 5 watu wanaogopa na kubaki nyumbani.

Siku ya pili ilikuwa ya kutafuta. Mwalimu alifukia begi lenye kifaa kinachotuma mawimbi, akabonyeza saa. Kifaa changu kikasoma umbali wa mita 38, nikafuata mshale, 24, 11. Chini ya 3 unapiga magoti na kukipitisha sawasawa na theluji, taratibu, ingawa moyo unakimbia. Halafu unachoma fito, unazunguka kwa hatua za sentimita 25. Ardhi inajibu kwa ugumu, begi linanesa kidogo. Ukiligusa mara moja hutalisahau. Kuchimba huanzii juu ya fito, unaanza upande wa bondeni na kuingia kwa ubavu. Mara ya kwanza nilitumia dakika 14. Aliyefukiwa ana matumaini makubwa katika dakika 10 za mwanzo, baada ya hapo yanashuka haraka sana, na helikopta mara nyingi haijafika. Jaribio la mwisho nilifika dakika 6. Mikono ilitetemeka mpaka jioni.

Kilichonikera: tulikuwa watu tisa kwa mwalimu mmoja, wengi mno. Kila alipochangamka alihamia Kijerumani cha Uswisi, na sisi watatu wageni tukabaki kubahatisha. Nililalamika akarekebisha, lakini ofisi yao ingetuambia mapema. Tena kifaa nilichoazimwa kilianza siku betri ikiwa asilimia 40, wakanibadilishia baada ya kudai. Kagua betri yako kabla ya kutoka mlangoni.

Kusoma taarifa ya hatari walitupa saa moja tu, na ningetaka nusu siku. SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, huitoa bure majira ya baridi, kila siku saa 11 jioni, na katikati ya msimu tena saa 2 asubuhi, kwa lugha nne. Sasa naanza na sehemu ya maneno kabla ya namba: miteremko inayotazama wapi, kuanzia urefu gani, tatizo ni upepo au tabaka la zamani. Kisha nafungua ramani ya swisstopo, idara ya ramani ya serikali ya Uswisi, yenye rangi za mwinuko. Nyuzi 30 kwenda juu inaanza njano, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu. Siku ya daraja la 3 naepuka rangi zote hizo, na sipiti chini yake pia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Beba glavu jozi mbili, za kwanza zitalowa shimoni.

Jumamosi iliyopita shemeji alinitumia picha ya mteremko uleule wa Dischma, umejaa alama mpya. Nikamjibu kwa picha ya taarifa: upande wa kaskazini, juu ya mita 2,200, tabaka la zamani. Baada ya dakika chache akaandika, "Sawa, shemeji, chagua wewe." Tulikwenda kwenye msitu wenye mwinuko mdogo, tukarudi saa nane mchana.